Mkalimani wa Nyuma ya Pazia

Mkalimani alikuwa na tabia ya kuongeza. Daktari wa misheni akisema maneno matatu, yeye alimpa mgonjwa kumi, na mgonjwa akijibu kwa kumi, yeye alimrudishia daktari matatu. Mzee mmoja wa kwetu aliwahi kumwita daktari mwizi wa damu, kwa sababu alichomwa sindano, damu ikavutwa, na hakuna aliyemweleza inakwenda wapi. Mkalimani akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia daktari na kumwambia kwa lugha yao kwamba mzee anashukuru, ila angependa kujua damu yake itafanya kazi gani. Daktari akafurahi kuulizwa, akaeleza kwa kirefu. Mzee akatulia. Watu waliokuwa karibu kutukanana wakaagana kwa kushikana mikono, naye Mkalimani akahamia kitanda cha pili akijifuta jasho kwa ncha ya kanga.

Kisa hicho nilikisikia kwa shangazi yangu, dada yake baba, ambaye alikuwa mcheshi na alijua kuwaiga wote watatu. Kwetu watu wengi walikuwa na kisa cha Mkalimani, na vingi viliwachekesha. Mimi vilinichekesha nikiwa mdogo. Baadaye kila nilipovisikia niliona aibu, maana nilishajua kilipofikia kile kipaji chake, na kwamba kilifikia kwangu.

Hospitali yenyewe ilikuwa ndogo, majengo mawili ya mawe na bati kwenye ubavu wa mlima. Ukisimama uani uliuona mji wa Same kule chini kwenye vumbi lake na moshi wa treni ukipita, lakini kuifikia kwa miguu ilikuwa kazi ya siku nzima. Daktari alikuwa Mzungu, wauguzi wakubwa walikuwa Wazungu, na wanawake waliokuja kujifungua walikuwa mama zetu na bibi zetu, ambao wengi hawakujua hata Kiswahili. Walisema Chasu tu, lugha yetu sisi Wapare. Katikati ya pande hizo mbili alisimama yeye. Lugha ya wageni aliiokota jikoni kwa mchungaji Mzungu alikofanya kazi akiwa msichana, akipika na kusikiliza.

Alikuwa mwanamke mrefu, mweusi, mwenye mabega ya mtu aliyebeba kuni nyingi. Aliolewa, mume akafa mapema, na hakuzaa. Hilo la mwisho halikusemwa mbele yake, lakini lilijulikana na kila mtu, na yeye mwenyewe alilibeba kwa namna ambayo mgeni asingeelewa. Kwetu mwanamke anapojifungua, haingii kwake mwanamke ambaye hajazaa. Awe dada yake wa tumbo moja, awe rafiki, akae nje na kuchemsha maji. Ni heshima ya mzazi, asionekane katika hali ile na mtu asiyeijua. Sasa Mkalimani kazi yake ilikuwa kusema ndani ya chumba hicho hicho. Akaomba litundikwe pazia. Akasimama nyuma yake, na juu ya hilo akageuza uso ukutani, mikono nyuma, akasema kila kitu kwa kuuelekea ukuta: sukuma, pumzika, bado kidogo, mtoto wa kike. Shangazi anasema pale aliposimama chokaa ilibabuka kwa pumzi zake. Nadhani hapo shangazi naye aliongeza.

Nyumbani alikuwa mtu mwingine. Hakuvumilia uongo hata wa mzaha. Mtoto akimwambia amekula na hajala, alimrudisha mpaka kwa mama yake ili jambo lichunguzwe. Alipouza maharage alijaza kibaba mpaka yakamwagika chini, kisha akakataa kuyaokota kwa sababu yalishakuwa ya mnunuzi. Sisi watoto wa jirani tulimwogopa, tukipita uani kwake tulinyamaza. Alipika makande mazuri kuliko yote kijijini, na alikula peke yake.

Kisha wakaja wanafunzi, miezi michache kabla sijazaliwa. Walikuwa wasichana wa Kizungu waliokuwa wakisomea uuguzi kwao, wakaletwa na misheni kwa miezi kadhaa ili wajifunze kazi kwa mikono, kwa kuwa huko kwao, walisema, mwanafunzi alisubiri sana kabla ya kuruhusiwa kumgusa mzazi. Kwetu wazazi walikuwa wengi na wauguzi wachache. Waliletwa hapa wajifunze kwenye miili ya mama zetu. Nayasema hivi kwa sababu sijapata njia nyingine ya kuyasema, na mimi mwenyewe ni muuguzi. Walikuwa wasichana wazuri, wachangamfu, walipanda mlima wakiimba. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuolewa.

Wanawake waliwatazama wakaelewa mara moja. Wa kwanza kufika na uchungu aliposikia sauti za wasichana wale upande wa ndani, aligeuka, akashika njia ya kurudi nyumbani huku akijishika kiuno. Wa pili akafanya vivyo hivyo. Basi Mkalimani akaongeza tena. Aliwatokea wanawake mlangoni, akawaambia kwa Chasu, "Hawa wote wamezaa. Wameacha watoto kwa mama zao huko Ulaya. Kwa nini mnawaogopa wazazi wenzenu?"

Kwa neno hilo wanawake waliingia. Hospitali ikajaa. Wasichana wakapata kazi waliyoifuata, na nasikia walikuwa na mikono mizuri, hawakumpoteza mzazi hata mmoja. Lakini jambo ambalo Mkalimani hakulitarajia ni huruma. Wanawake wa kwetu walipofahamu kwamba vijana hawa wameacha watoto wachanga ng'ambo ya bahari, hawakuwaacha hivi hivi. Waliwaletea ndizi na maziwa. Waliwashika mikono na kuwapa pole. Walitaka kujua mtoto ana umri gani, ananyonya kwa nani, ameota meno? Maswali yote yalipita kwa Mkalimani, na majibu yote yalitoka kwake. Wasichana walitabasamu wakidhani wanaulizwa habari za safari.

Mama yangu alishikwa na uchungu wa kunizaa msimu wa mvua. Aliyemhudumia alikuwa mwanafunzi mmoja mrefu, mwenye madoa usoni, mpole kuliko wenzake. Nilikuja kwa shida. Shangazi alikuwepo, maana yeye alikuwa amezaa wawili, na anasema yule msichana alimshika mama mkono muda wote hata vidole vyake vikapauka, na mtoto alipolia na yeye akalia. Mama akaguswa. Akauliza kwa sauti ya uchovu, "Mwulize, mtoto wake anaitwa nani?"

Nyuma ya pazia Mkalimani akajibu bila kumwuliza msichana, "Anaitwa Yemima."

"Basi na huyu ni Yemima," mama akasema.

Nikabatizwa kwa jina hilo. Kumbe nilipewa jina la mtoto ambaye hakuwepo.

Mama alipopata nguvu alitafuta mbeleko. Alikwenda Same kwa miguu akachagua kitambaa kizuri, akakipinda kingo kwa mkono wake, zawadi kwa mama yake Yemima wa Ulaya, ili akirudi kwao ambebe mwanawe kwa kitu cha Upareni. Akampa Jumapili, uani pa kanisa, watu wakitoka ibadani. Mkalimani alikuwa bado ndani. Yule msichana alikuwa amejitahidi sana na Kiswahili miezi ile, na siku hiyo alitaka kukionyesha. Mama naye alijua Kiswahili cha sokoni. Akamwambia, "Ya kumbeba mtoto wako."

Msichana akaelewa kila neno. Akafurahi kwamba ameelewa. Akajibu kwa sauti ya kusikika, taratibu, kama alivyofundishwa, "Asante, mama. Lakini mimi sina mtoto. Sisi sote hatuna watoto. Hatujaolewa."

Shangazi alikuwa akifika hapo anaacha kuiga sauti. Anasema wanawake waliokuwa pale walianza kushika nguo zao, kila mmoja akivuta kanga yake vizuri, kana kwamba wamekutwa wakioga mtoni. Wote walikuwa wamepita mikononi mwa wasichana wale. Mama alibaki amenyoosha mikono mitupu, mbeleko ishapokelewa na msichana. Mkalimani akatoka mlangoni, akawaona jinsi walivyosimama, na hakuhitaji kutafsiriwa.

Kesho yake mwanafunzi yule alikuja kwetu na kuirudisha mbeleko, imefuliwa na kukunjwa. Alikuwa ameelezwa. Alisimama mlangoni uso umemwiva, hakuthubutu kuingia. Mama aliipokea akaitia sandukuni. Haikunibeba mimi, haikumbeba yeyote katika wadogo zangu.

Wanawake wakaacha kwenda hospitali. Si kwa hasira tu, ni kwa haya. Huwezi kupita mlangoni pa nyumba ambayo umeonekana uchi. Aliyekataa kwa nguvu kuliko wote alikuwa mama mdogo, mdogo wake mama wa kumfuata, ambaye alikuwa na mimba. Uchungu ulipomshika alibaki kwake. Mtoto alikuwa amekingama tumboni. Walipokubali kumpandisha kwa machela wakati ulikuwa umepita, na walirudi naye kutoka katikati ya njia. Akazikwa na mtoto wake.

Baada ya hapo mama hakumsalimia Mkalimani tena. Nyumba zetu zilitengana kwa mfereji mmoja wa maji ya ndiva, bwawa la kijiji la kumwagilia, na walikuwa wakikutana hapo kila zamu ya kumwagilia, mmoja upande huu na mwingine upande ule, majembe mkononi. Nimekua nikiutazama ukimya huo.

Kanisani Mkalimani alisimamishwa mbele. Ilikuwa desturi: aliyetenda la aibu anasimama, anaungama, anatengwa na Meza ya Bwana, anakaa benchi la nyuma mpaka wazee watakapomrudisha. Mchungaji akamwuliza kama amesema uongo. Akajibu ndiyo. Akamwuliza aliagizwa na nani, au ulikuwa wake mwenyewe. Sista Mkuu, muuguzi kiongozi wa hospitali, alikuwa amekaa mstari wa mbele, kitabu cha nyimbo kimefunguliwa mapajani. Mkalimani akasema, "Mdomo ni wangu." Hakuongeza neno.

Wazee walimrudisha kundini baada ya mavuno. Akarudi mezani, lakini benchi hakuliacha. Miaka yote niliyosali kanisa lile alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Wageni walidhani ni kwa ajili ya hewa.

Hospitali nayo ilimfukuza, kisha ikamwita tena kwa kuwa hapakuwa na mwingine. Na hapa ndipo nilipoanza kumjua mimi mwenyewe, maana nilipofika umri wa kwenda shule nilikuwa napita hospitalini. Alikuwa amebadilika. Aliacha kabisa kuongeza. Daktari akisema maneno matatu, mgonjwa alipata matatu. Nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia mtu mzima, mbele ya wanawe, "Anasema utakufa." Daktari akisema "mjinga huyu," alisema, "Anakuita mjinga." Watu walimchukia kwa hilo kuliko walivyomchukia kwa uongo. Vijana walikuja juu, wakamwuliza kama hana utu. Alijibu kwamba ameajiriwa kusema yaliyosemwa. Nadhani alijua anawaumiza. Ila asingeweza tena kutia sukari kwenye kinywa cha mtu baada ya kumzika mama mdogo.

Jambo moja alilifanya bila kuajiriwa. Wanafunzi walipoondoka alizunguka nyumba kwa nyumba, kila penye mwanamke mwenye mimba, akasimama nje na kusema, "Wasichana wale wameondoka. Waliobaki wamezaa kweli. Ulizeni, msiniamini mimi." Wengine walimmwagia maji machafu miguuni. Alikwenda kesho yake tena. Pole pole wanawake wakaanza kurudi, mmoja mmoja, wakiuliza kwanza. Kwetu alikuja pia, miaka miwili mitatu baadaye, mama akiwa na mimba ya mdogo wangu. Mama alifunga mlango. Nilikuwa mdogo, nikachungulia kwenye ufa nikaona miguu yake imesimama pale muda mrefu.

Shuleni mwalimu akiita "Yemima" wenzangu waliangaliana. Nyumbani sikuitwa hivyo. Mama alimwomba mchungaji anibadilishie jina, mchungaji akakataa, akasema ubatizo haufutwi kwa sababu mtu ameona aibu. Mama akaamua kuniita Namsifu, na jina lile lingine halikutamkwa mdomoni mwake. Nikawa na jina la kanisani lenye aibu na jina la jikoni lisiloandikwa popote.

Nilijifunza uuguzi hospitali ile ile. Sijui kama niliufuata au nilitaka kuuona ule ukuta. Pazia lilikuwepo bado; mimi niliingia chumba kikiwa kitupu tu. Sista Mkuu alikuwa mzee, karibu kurudi kwao, na siku moja tukikunja mashuka alikumbuka wale wanafunzi wa zamani akacheka kwa upendo. "Yule mama alitusaidia sana," alisema. "Nilimwambia, waambie chochote, mradi wakubali. Wasichana wamekuja mbali na muda wao ni mfupi." Alisema hivyo kama mtu anayesimulia habari za mvua. Niliona aibu kwa niaba yake, na kwa niaba ya kanisa zima lililomtazama mtu mmoja amesimama mbele, na mikono yangu iliendelea kukunja mashuka.

Mwaka uliofuata, watu wakiwa wameshaanza kuzungumza habari za uhuru waziwazi, nilichaguliwa kwenda Uingereza kujifunza kazi wodini kwa vitendo. Wodi ya wazazi. Kijiji kilishangilia. Siku mbili baadaye mama akaniambia tukichambua mboga, "Kwa hiyo na wewe unakwenda kuwaingilia wazazi wa watu. Na hujazaa."

"Huko hawana desturi hiyo, mama."

"Na wale walisema hivyo hivyo."

Alikuwa amesema kweli. Safari hii msichana alikuwa mimi.

Nikavuka mfereji kwenda kumuaga Mkalimani. Sikuwahi kukaa nyumbani mwake. Alikuwa mzee sasa, ameacha kazi, macho yake yana ukungu. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akanipa kigoda. Nilimwambia ninakokwenda na kazi ninayoifuata. Nikamwambia nilichosikia kwa Sista Mkuu. Alitikisa mkono kama anafukuza nzi.

"Aliyasema kwa lugha yake," alisema. "Chasu kilikuwa changu."

"Bibi, wazazi wa huko wakiniuliza kama nimezaa?"

"Sema hujazaa. Kama wakikutoa, toka."

Ndipo nikamwuliza lile nililoishi nalo. "Jina langu ulilitoa wapi?"

Kuku waliingia wakatoka.

"Nilikuwa nimeliweka," alisema. "Nilipoolewa nilijiwekea jina la wa kwanza akiwa wa kike. Halafu hakuja. Nikakaa nalo. Mama yako alipouliza nilikuwa nimechoka, nilikuwa nimesimama pale tangu alfajiri, na mtoto alikuwa analia. Sikuwa na jina lingine mdomoni." Akajifuta uso. "Wengine wote niliwaongezea, mwanangu. Hilo tu sikuongeza."

Jioni nilimsimulia mama, neno kwa neno. Alikuwa akipepeta mahindi na hakusimama. Alipomaliza alikwenda ndani, nikasikia sanduku likifunguliwa. Akatoka na mbeleko. Ilikuwa imekunjwa vile vile, mikunjo imekatika rangi. Aliishika muda, akinusa au akitazama kingo alizozipinda, sikujua, maana alikuwa amenigeuzia mgongo.

"Mpelekee mama yake Yemima," alisema.

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akilitaja.

Nilivuka mfereji tena. Mkalimani alikuwa bado pale nilipomwacha. Niliweka kitambaa magotini mwake. Akakipapasa, akaufuata upindo kwa kidole gumba mpaka pembeni, akaijua mbeleko. Nadhani aliiona siku ile kanisani.

"Amesemaje?"

Nikamwambia.

"Kwa maneno hayo? Au umeongeza?"

"Kwa maneno hayo, bibi. Sijaongeza."

Aliinuka kwa kushika nguzo, mbeleko kifuani. Akageuka akaelekea ukutani, akasimama hivyo, mabega yake makubwa yakitikisika. Nilitoka nikakaa nje kwenye kizingiti, mgongo wangu kwake, kwa sababu kwetu mtu ambaye hajazaa hukaa nje.